Watu wa Ziwa Katika Theluji ya Buffalo

Kila ukoo unapokutana, wale wanaotoka Texas na Arizona hutuuliza swali lile lile: imekuwaje watu waliozaliwa Uvira, kando ya ziwa lisilojua baridi, wakafanya makao Buffalo? Jibu ni fupi. Tulipokelewa hapa kama wakimbizi, kisha mmoja akamvuta mwenziwe. Lakini theluji ya mji huu ina historia yake, nayo sasa imeingia katika historia yetu.

Buffalo imekaa kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Mfereji wa Erie ulipofunguliwa mwaka 1825, mji ukawa bandari kubwa ya nafaka. Hata hivyo, kila baridi ilipoingia mfereji ulifungwa, na wachukuzi wakakaa bila kazi hadi barafu iyeyuke.

Ziwa hilo si kama letu. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470; Erie, hata pale penye kina kirefu kabisa, halizidi mita 64. Ndiyo maana huganda upesi. Kabla halijaganda, upepo wa baridi hupita juu ya maji yenye uvuguvugu, hubeba unyevu, na kuumwaga nchi kavu kama theluji. Ukanda wake huweza kuwa mwembamba ajabu: Novemba 2014 vitongoji vya kusini vilifunikwa kwa zaidi ya mita moja na nusu, huku kaskazini kukiwa na theluji kidogo tu. Ziwa likisha kuganda, aghalabu wenyeji hupumua.

Mwaka 1977 walipumua mapema mno. Ziwa lilikuwa limeganda tangu katikati ya Desemba, na theluji laini ikajilimbikiza juu ya barafu. Ijumaa, tarehe 28 Januari, kabla ya adhuhuri, upepo wa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa uliichota ukaitupa mjini. Theluji mpya iliyoanguka siku hizo ilikuwa kama sentimita 30 tu. Nyingi ilitoka ziwani. Maelfu walilala maofisini. Watu 29 walikufa, baadhi yao ndani ya magari yaliyofukiwa. (Katika bustani ya wanyama theluji ilirundikana hadi juu ya ua, na kulungu watatu wa nchi za baridi wakapita juu yake wakatoka. Wazee wa hapa hupenda kuanza na kisa hicho.)

Jirani yetu mmoja, aliyekuwa dereva mwaka ule, alituusia mara tulipowasili: upepo ukigeuka, usitoke, ukiwa njiani, tafuta mlango wa mtu yeyote ubishe. Sisi tuliusikiliza wosia huo kama ngano.

Tarehe 23 Desemba 2022 ilikuwa Ijumaa pia. Marufuku ya kuendesha magari ilianza kutumika saa tatu na nusu asubuhi, wakati wengi walikwisha kwenda kazini. Kwa maoni yangu kuchelewa huko hakuna udhuru. Safari hii ziwa lilikuwa halijaganda, hivyo theluji mpya na upepo vilikuja pamoja. Zaidi ya watu 40 walifariki katika eneo hili, na wengi wa waliofia mjini walikuwa weusi.

Kijana wetu, mtoto wa dada yangu, alikuwa kazini katika ghala moja. Aliruhusiwa kuondoka jioni. Gari lilikwama, simu ikazimika, na mama yake hakupata usingizi siku mbili. Yeye alikumbuka maneno ya mzee. Akaacha gari, akafuata taa iliyo karibu, akabisha. Alifunguliwa na bibi wawili, ndugu, wasiomjua kabisa; wakamvua viatu, wakamkalisha kando ya jiko la gesi na kumlisha hadi Jumapili.

Bibi hao tumewaalika katika mkutano wetu. Wataketi meza ya wazee, upande wa dirishani, tafadhali wasalimieni.