Namna ya kutambua tembo la mnazi

Tembo la mnazi, kinywaji cha jadi cha Wamijikenda katika pwani ya Kenya, hutokana na utomvu wa karara ambalo mgema hulikata ncha asubuhi na jioni. Huanza kuchacha lingali mtini. Likishushwa huwa jeupe, tamu, lenye povu jepesi. Hilo ni tembo tamu, nalo halingoji. Saa chache baadaye utamu hugeuka kileo, likawa tembo kali wapendalo wazoefu. Likilala zaidi huwa siki, stahili ya jikoni.

Mwonjaji hodari hachelei ukali, huchelea maji. Wahenga walikwisha kunena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tembo la namna hiyo hutoa povu hafifu, na ladha yake hutoweka ulimini upesi.