Usiniite Afande

Babu yangu alikuwa hapendi kuitwa afande. Watoto wa jirani pale Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, walikuwa wakipita mbele ya baraza lake wanapiga saluti ya utani: "Shikamoo, afande!" Anaitikia marahaba, maana salamu hairudishwi, kisha anaongeza: "Ila mimi siyo afande. Afande ni yule niliyemfundisha mimi kufunga buti."

Alikuwa amerudi kutoka Burma na kipande cha chuma kwenye paja na cheo cha koplo. Huko milimani kwetu hakuna njia tambarare. Ukitoka nje ya nyumba, ama unapanda ama unashuka. Kwa hiyo kila siku ya Mungu paja lile lilimkumbusha vita. Lakini sikuwahi kumsikia akililalamikia. Alichokilalamikia ni yule kijana wa Kizungu aliyeletwa kikosini hajui Kiswahili wala porini kunalalwaje, akakabidhiwa kwa babu amzoeze, na baada ya miezi michache akawa ndiye mkubwa wake. "Risasi haikuniuliza rangi," alikuwa akisema. "Karani wa vyeo ndiye aliyeniuliza."

Nilikuwa mdogo, nikayachukulia kama maneno ya mzee. Miaka mingi baadaye, katika kusoma vitabu vya vita vya kwanza vya dunia, ndipo nilipokutana na neno lile lile alilokuwa akilikataa. Nikagundua kwamba babu, bila kujua, alikuwa anagombana na historia yote ya neno.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipotumwa na Ujerumani kuzima upinzani wa pwani ulioongozwa na kina Abushiri, aliajiri Wasudani huko Cairo, watu waliokuwa wamezoea jeshi la Misri. Wakaja na vyeo vyao vyenye asili ya Kituruki: ombasha, shaushi, beshaushi. Juu kabisa akawa efendi, na huyo efendi ndiye baba wa afande wetu wa leo. Katika jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, efendi kilikuwa cheo cha juu kuliko vyote ambacho Mwafrika angeweza kufika. Hapo ndipo palikuwa na dari. Efendi angeweza kuwa na miaka ishirini ya utumishi na makovu mwili mzima, lakini alikaa chini ya Mjerumani yeyote, hata yule aliyeshuka melini juzi.

Yaani neno tunalolitumia leo kumpa mtu heshima lilikuwa, kwa waliolivaa mwanzo, jina la mahali unapoambiwa: wewe mwisho wako hapa.

Sasa njoo Morogoro, Agosti 1916. Jenerali Smuts, aliyekuwa akiongoza majeshi ya Uingereza, alitaka kumbana von Lettow-Vorbeck pale mjini, penye reli na mlima. Wapanda farasi wa Afrika Kusini wakafika Mlali, upande wa magharibi wa Uluguru, wengine wakaja kutoka kaskazini. Tarehe 26 Agosti Waingereza wakaingia Morogoro, wakakuta mtego umekamata hewa. Wajerumani walikwishaizunguka milima kuelekea Kisaki, na huko mwanzoni mwa Septemba wakawarudisha nyuma waliokuwa wakiwafuata. Kisha mvua na maradhi vikawasimamisha wote wawili kwenye mto Mgeta hadi Januari 1917.

Nimesoma masimulizi kadhaa ya majira yale, na mengi yanafanana kwa jambo moja: Wazungu wana majina, na wana safari za vyeo. Lettow-Vorbeck alianza vita akiwa luteni kanali. Baada ya mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917 akapandishwa kuwa meja jenerali. Smuts aliondoka kwenda London kwenye vikao vya wakubwa, na baadaye maishani akawa fildi mashali. Askari Mwafrika aliyewabeba wote wawili mabegani anaitwa "askari", basi. Hata sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni ya mtu asiye na jina.

Mmoja wao tunamjua kwa jina. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari aliyefikia cheo cha efendi. Vita vilipoanza aliingia jeshini pamoja na baba yake, mtoto wa miaka kumi. Mwaka 1917 alijeruhiwa Mahiwa, kwenye mapigano yale yale yaliyompa Lettow-Vorbeck ujenerali, kisha akawa mateka wa Waingereza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Mwaka 1929 alifika Berlin, ambako alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Akaenda kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake. Akakataliwa. Miaka michache baadaye akaomba ile nishani ya heshima waliyokuwa wakipewa wapiganaji wa mstari wa mbele. Akakataliwa tena. Akawa mhudumu wa meza, akasaidia kufundisha Kiswahili, akaigiza kwenye filamu, ikiwemo ile ya mwaka 1941 iliyomtukuza Carl Peters, mtu ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka huo huo akakamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen. Akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Msomaji wa Abdulrazak Gurnah atakuwa amekwishamkumbuka Ilyas wa riwaya ya Afterlives ya mwaka 2020, ambaye maisha yake yanafanana sana na ya Husen. Ila mimi kitabu kile kilinishika zaidi kwa Hamza. Hamza hajeruhiwi na adui. Anajeruhiwa na Mjerumani wa upande wake mwenyewe, mwenye cheo cha kati, aliyekasirishwa na jinsi ofisa alivyomkaribisha kijana Mwafrika karibu mno. Niliposoma pale nikafunga kitabu, nikamkumbuka babu. Hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa akinielezea barazani: ukikaa chini unadharauliwa, ukiinuka kidogo unapigwa.

Lakini kinyongo cha askari hakifi na askari. Mwaka 1917 Waingereza walianzisha upya kikosi cha sita cha Keya, na wengi wa waliojaza safu zake walikuwa askari waliotekwa kutoka kwa Wajerumani. Walibadilisha kofia tu; dari lilibaki pale pale. Kikosi hicho ndicho kilichokuja kupigana Colito, Ethiopia, mwaka 1941, na kambi ya Dar es Salaam ikapewa jina la mapigano hayo. Efendi akafufuliwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1950 kama cheo maalumu cha Waafrika. Idi Amin wa Uganda alikipata mwaka 1959. Fikiria: miaka sabini baada ya Wissmann, dari ni lile lile, na jina ni lile lile.

Uhuru ukaja, Luteni Alexander Nyirenda akapandisha mwenge Kilimanjaro, na kikosi cha sita kikaitwa Tanganyika Rifles. Maofisa wengi wakabaki kuwa Waingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Colito wakaasi. Madai yao yalikuwa mawili: mshahara, na maofisa Waafrika. Siwatetei, watu walikufa mjini siku ile, na ilibidi serikali changa iwaite wale wale Waingereza kuja kuwanyang'anya silaha. Hata hivyo nikisoma madai yale nasikia sauti ya babu. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa JWTZ, chini ya Mrisho Sarakikya.

Mwaka huo huo wa 1964 von Lettow-Vorbeck alifariki, na mwaka huo huo bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wasiokuwa na vyeti walipewa ufagio, wakaamrishwa kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyekosea. Watu husimulia kisa hiki wakicheka. Mimi sicheki sana. Baada ya nusu karne, mzee bado alitakiwa kuthibitisha kwa mwili wake kwamba alikuwepo.

Ningeweza kuishia hapa, nimempa babu haki yake. Lakini bibi hakuwa akimwachia.

Babu akianza habari za cheo, bibi alikuwa akiendelea kupeta mchele wake, kisha anasema polepole: "Wewe walau una namba. Mjomba wake mama alichukuliwa na wenye bunduki akawabebee mizigo. Nani alimwandika?" Kwetu Uluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba siyo ndugu wa pembeni, ni nguzo. Yule akaondoka na mzigo kichwani, akashuka kuelekea Kisaki, ikawa basi. Babu hakuwa na jibu. Alikuwa akinyoosha mguu wake mbovu na kutazama mlimani.

Wapagazi hawakuwa na dari la cheo kwa sababu hawakuwa na ngazi yenyewe. Waliokufa wakiwatumikia Waingereza peke yao hukadiriwa kufika karibu 100,000, wengi kwa kuhara, njaa na homa. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao. Wao wenyewe majina hawana. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa kwa ahadi kwamba wafu wote watakuwa sawa bila kujali cheo wala rangi, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Makaburi ya vita yapo Morogoro mjini. Nilikwenda mwaka jana, nikatembea kati ya mistari ya mawe, nikisoma majina na vyeo. Mlima ulikuwa umefunikwa na wingu kuanzia katikati, kama kawaida yake. Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya babu, na hasira yake nilikuwa nayo. Nikajikuta namtafuta mjomba yule, ambaye hata jina lake bibi alilijua nusu.

Kijana aliyekuwa akifyeka majani aliniona nazunguka, akaniuliza kwa adabu: "Afande, unamtafuta nani?"

Nikamwambia mimi siyo afande. Kisha nikamtajia ile nusu ya jina.