Haki za mwanafunzi mpangaji nchini Tanzania

Mwanafunzi wa chuo anayepanga chumba mtaani, nje ya mabweni, hana sheria yake maalumu nchini Tanzania. Ni mpangaji kama wengine, na kinga yake hutoka kwenye mkataba wake na kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999. Zamani ilikuwapo kinga ya tatu: Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya 1984, iliyoweka ukomo wa kodi na kumzuia mwenye nyumba asimtoe mpangaji apendavyo. Ilifutwa 2005, na tangu hapo kodi ni makubaliano.

Ndiyo maana wenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja. Anayeumia zaidi ni anayeishi kwa bumu. Fedha hiyo ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo, iliyopandishwa hadi Sh10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, huja kwa mafungu, na mwenye nyumba wa Sinza au Changanyikeni hangoji fungu. Likizo ndefu nayo huhesabiwa: chumba kikifungwa miezi mitatu, kodi imekwenda, labda mkataba useme vinginevyo.

Upangaji wa mwaka mmoja au pungufu unaruhusiwa hata kwa mdomo. Usipotajwa muda, anayelipa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi. Mwenye nyumba anawajibika kumwacha mpangaji akae kwa utulivu, na kutunza paa, kuta za nje na mifereji mikuu, hata kama mkataba haukuyataja hayo. Ugomvi unaozuka kila wiki, wa mita moja ya umeme (LUKU) kwa vyumba sita na friji ya mpangaji mmoja, sheria haiugusi; dawa yake ni kuuandikia kifungu kabla ya kuhamia. Wanaobebana chumba kimoja nao wajue kwamba mkataba unamlinda aliyetia saini. Wenzake, wakikosana naye, hawana pa kushika.

Mkataba wa maandishi hutozwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Wachache huulipa mapema, wengi huukumbuka shauri likishafika barazani, ambako hati isiyolipiwa haipokelewi kuwa ushahidi. Mgogoro huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu; likishindwa ndani ya siku 30, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililoanzishwa chini ya sheria ya 2002. Serikali ya mtaa, wanakokimbilia wengi kwanza, haina mamlaka ya kuhukumu, ingawa mwenyekiti anayeheshimika humaliza kwa jioni moja ugomvi ambao barazani ungevuka semista.