Selulaiti: Vijishimo vya mapajani si ugonjwa wala uzembe

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

MWANAMKE anayeingia katika duka la vipodozi mjini Kigoma, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji, na kueleza kwamba ngozi ya mapaja yake imeingia vijishimo, ni nadra kutoka mikono mitupu. Atauziwa krimu ya kupaka, sabuni ya kusugulia au majani ya kuchemsha na kunywa, na ataahidiwa kwamba baada ya wiki chache ngozi itanyooka. Baadhi ya makopo hayo yamevuka ziwa kutoka Kongo au Burundi yakiwa na maandishi ya Kifaransa ambayo mara nyingi si muuzaji wala mnunuzi anayeyaelewa, na ndani yake huweza kuwamo dawa ambazo sheria za Tanzania haziruhusu zitiwe katika vipodozi.

Hali inayomfanya atoe fedha zake hapo kaunta huitwa selulaiti. Mitaani wengine huitia katika kapu moja na kitambi na kuiita ‘nyama uzembe’, jina ambalo lenyewe ni hukumu. Lakini kwa mujibu wa wataalamu wa ngozi, kati ya asilimia 80 na 90 ya wanawake waliokwisha kubalehe wanayo kwa kiwango fulani, wanene kwa wembamba. Jambo linalowapata wanawake wanane hadi tisa kati ya kumi ni vigumu kuliita ugonjwa.

Ili kuelewa namna inavyojitokeza, mtu na alitazame godoro la pamba au la sufi, la aina ile iliyoshonwa na fundi kwa sindano ndefu. Uzi hupita kutoka upande wa juu hadi upande wa chini, kisha hukazwa. Pale uzi ulipokazwa pana kishimo. Kati ya uzi na uzi pamba hututumka. Kadiri pamba inavyoshindiliwa zaidi, ndivyo kishimo kinavyoonekana kuwa kirefu zaidi, ingawa uzi wenyewe haukuongezeka urefu wala kupungua.

Ngozi ya paja na makalio imejengwa karibu namna hiyo hiyo. Juu kuna ngozi tunayoiona, chini kuna misuli, na katikati kuna tabaka la mafuta yaliyogawanyika katika vifuko vidogo vidogo. Vifuko hivyo hutenganishwa na nyuzi ngumu za kolajeni zinazoiunganisha ngozi ya juu na tabaka gumu la chini. Mafuta yanapoisukuma ngozi kwenda juu, nyuzi nazo huivuta kwenda chini, na hapo ndipo vijishimo vinapotokea. Wafaransa wameifananisha sura hiyo na ganda la chungwa.

Swali ambalo wanaume hupenda kuuliza kwa dhihaka ni kwa nini wao hawana. Jibu limo katika mpangilio wa nyuzi. Kwa wanawake wengi, nyuzi hizo husimama wima kama nguzo, hivyo mafuta hupata njia ya kupenya kwenda juu kati ya nguzo moja na nyingine. Kwa wanaume nyuzi hupishana kwa mshazari, mfano wa macho ya wavu, nazo huyabana mafuta yasijitokeze. Ngozi yao pia ni nene zaidi, na vifuko vyao vya mafuta ni vidogo. Hata hivyo, mwanamume ambaye mwili wake una upungufu wa homoni za kiume, au anayetibiwa kwa homoni za kike kwa sababu ya saratani ya tezi dume, naye anaweza kupata vijishimo hivyo.

Hapo ndipo inapojitokeza nafasi ya homoni. Selulaiti haionekani kwa watoto wa kike. Huanza baada ya kubalehe, wakati homoni ya estrojeni inapouelekeza mwili kuweka akiba ya mafuta mapajani, nyongani na makalioni. Ujauzito huweza kuizidisha. Umri nao huchangia kwa njia nyingine: miaka inavyosonga, ngozi hupungua unene na kupoteza mnyumbuko wake, na kilichokuwa kimefichika huonekana. Urithi nao una nguvu, na wataalamu wengi wanakubaliana kwamba binti aliyezaliwa na mama mwenye selulaiti ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nayo.

Uzito wa mwili haukianzishi kishimo, ila hukiongeza kina, kama pamba iliyozidi katika godoro. Kwa sababu hiyo mwanamke mwembamba anaweza kuwa na selulaiti na mnene akawa na ngozi laini. Anayepungua uzito huweza kuona nafuu, lakini mwingine akipungua haraka ngozi hulegea na vijishimo vikaonekana kuliko awali, jambo ambalo wauzaji wa dawa za kupunguza unene hawalitaji.

Mawese na ‘sumu mwilini’

Wapo wanaoyanyooshea kidole mawese, ambayo Kigoma ni kiungo cha maharage, mgebuka na mboga karibu zote. Mawese hayana hatia ya pekee. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta yoyote ya kupikia, yawe ya mawese au ya alizeti, kina takriban kalori 120, na atumiaye zaidi ya mahitaji ya mwili wake atanenepa. Hakuna chakula kinachojulikana kwenda moja kwa moja kutoboa ngozi ya paja. Ama mafuta ya mise, ambayo wengi hapa hujipaka tangu utotoni, huilainisha ngozi na kuing’arisha, basi. Nyuzi za chini hayazifikii.

Dhana iliyoenea zaidi ni ile ya ‘sumu’. Inadaiwa kwamba selulaiti ni uchafu ulioganda chini ya ngozi, nao unapaswa kusafishwa kwa majani machungu au kwa kunywa maji kupita kiasi. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walichapisha matokeo ya utafiti mdogo uliolinganisha sehemu zenye selulaiti na zisizokuwa nayo. Mafuta yenyewe hayakuwa na tofauti ya maana, wala mtiririko wa damu. Kilichotofautiana ni mpangilio wa tishu zinazoyashikilia. Hakuna uchafu ulioganda, na kwa hiyo hakuna cha kusafisha.

Wanawake wengine huhusisha hali hii na uzazi wa mpango. Kwa kuwa estrojeni inahusika, wasiwasi huo unaeleweka, lakini vijishimo huanza kwa homoni za mwili wenyewe, na huwapata pia wanawake ambao hawajawahi kutumia kidonge wala sindano. Aliye na shaka na njia anayoitumia ni vyema azungumze na muuguzi kabla ya kuiacha, kwani mimba isiyotarajiwa ni mzigo mzito kuliko kishimo cha ngozi.

Inafaa kukumbuka kwamba aibu hii ina tarehe ya kuzaliwa. Katika karne ya 17 mchoraji Rubens wa Antwerp aliwachora wanawake wenye mapaja ya mabonde mabonde, na walihesabiwa kuwa mfano wa uzuri. Neno selulaiti liliingia katika kamusi ya kitabibu ya Kifaransa mwaka 1873, wakati huo likimaanisha uvimbe wa tishu, si sura ya ngozi. Mwaka 1968 jarida la mitindo la Vogue lililitambulisha kwa wasomaji wa Marekani, na mwaka 1973 Nicole Ronsard, mmiliki wa saluni mjini New York, akatoa kitabu kilichouzwa kwa wingi. Miaka mitano baadaye madaktari Nürnberger na Müller wa Ujerumani, ambao ndio walioeleza kwa kina tofauti ya nyuzi za wanawake na wanaume, waliipa makala yao kichwa cha habari kilichoiita selulaiti ugonjwa wa kubuniwa. Biashara haikuyumba.

Kilichomo ndani ya kopo

Krimu nyingi zinazouzwa duniani kwa ajili ya tatizo hili zina kafeini, na zinaweza kuikaza ngozi kwa saa au siku chache. Kukanda nako huleta nafuu ya muda. Hasara yake ni ya mfukoni tu. Hatari ya kweli ni krimu zilizochanganywa na steroidi kali, hidrokwinoni au zebaki, viambato vinavyotumika kwa kujichubua na ambavyo vimepigwa marufuku katika vipodozi hapa nchini. Kazi ya kusimamia vipodozi ilikuwa ya TFDA hadi mwaka 2019, ilipohamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS.

Steroidi ikipakwa kwa miezi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Ngozi ikishakuwa nyembamba, vijishimo huonekana zaidi, michirizi huzidi na vidonda huchelewa kupona. Yaani mnunuzi amelipia kuharibikiwa na kile kile alichotaka kukitengeneza. Zebaki hupenya hadi kwenye damu na huweza kudhuru figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni.

Hata tiba za hospitali kubwa za nje zina mipaka. Kunyonya mafuta kwa mrija si tiba ya selulaiti na huweza kuyazidisha mabonde. Njia ya kuzikata nyuzi kwa sindano chini ya ngozi ina matokeo bora zaidi, lakini ni ghali. Mwezi Julai 2020 Marekani iliidhinisha sindano iitwayo Qwo, yenye kimeng’enya kinachoyeyusha kolajeni. Desemba 2022 kampuni iliyoitengeneza ilitangaza kusitisha uzalishaji kwa sababu ya michubuko na mabadiliko ya rangi ya ngozi yaliyowapata waliochomwa. Kilichobaki kwa mwanamke wa kawaida ni mazoezi yanayojenga misuli ya mapaja na makalio, kama kuchuchumaa na kuinuka au kupanda mlima. Misuli ikijaa, ngozi iliyo juu yake hukaa vizuri zaidi, ingawa vijishimo havitatoweka kabisa.

Lipo jambo moja ambalo halistahili kusubiri. Upo ugonjwa wenye jina linalokaribiana na hili, selulaitisi, nao ni maambukizi ya bakteria chini ya ngozi. Huingia kwa mkwaruzo, kidonda au ufa wa kisigino, hivyo wanaoshinda kwenye mchanga na maji, kama wanikaji wa dagaa wa Katonga au wapakuaji wa mizigo wa Kibirizi, hawana budi kuufahamu. Selulaiti haiumi, haina joto wala homa, na aghalabu huwa katika mapaja yote mawili. Selulaitisi kwa kawaida hushika mguu mmoja: huvimba, hupata joto, huuma, na mgonjwa huweza kutetemeka kwa homa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaosomwa vitabuni hauonekani kirahisi. Huonekana weusi uliokolea au mng’ao. Huyo anahitaji antibiotiki siku hiyo hiyo, katika kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Na aliyekuwa akitumia krimu asiyoijua, aende na kopo lake ili daktari asome kilichoandikwa.