Bluzi ya Delta: Sauti Zao, Chaguo la Wenye Maduka

Mwaka 1929 kampuni ya Paramount ilitoa santuri ya mwimbaji aliyefichwa jina. Katika tangazo alivishwa barakoa, na mnunuzi atakayebahatisha ni nani aliahidiwa santuri ya bure. Alikuwa Charley Patton, mpiga gitaa wa Mississippi. Kampuni hiyohiyo iliuza nyimbo zake za dini kwa jina la Elder J. J. Hadley, kana kwamba ni mhubiri asiyejuana kabisa na yule wa vilabuni.

Leo mashabiki hubishana usiku kucha kuhusu nani alikuwa mwanabluzi halisi wa Delta ya Mississippi. Wangeanza na wauzaji. Paramount ilikuwa mali ya kiwanda cha viti cha Wisconsin, kilichotengeneza pia makabati ya gramafoni kisha kikaona kiuze na vya kupigia humo. Malighafi ya santuri zake ilikuwa duni. Ile mikwaruzo tunayoipenda eti ina ladha ya ukale ilikuwa ubahili tu.

Wasanii walipatikana kupitia watu kama H. C. Speir, mzungu mwenye duka mjini Jackson. Kwa mwanamuziki mweusi soko lilitaka bluzi, basi bluzi ndiyo iliyorekodiwa. Mwanabluzi Robert Johnson aliacha nyimbo 29, alizorekodi San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 27. Johnny Shines, aliyezunguka naye, alisimulia kuwa Johnson alipiga chochote alichokisikia redioni, hata polka. Hakuna polka yake hata moja kwenye santuri. Watafiti waliofika Clarksdale, Mississippi, mwaka 1941 na 1942 waliorodhesha santuri zilizochezwa vilabuni, wakakuta wanamuziki wa jazi na swing: Count Basie, Louis Jordan na Fats Waller. Mwanabluzi Muddy Waters, wakati huo bado mkulima wa shamba la Stovall, alikuwa akiimba pia nyimbo za Gene Autry, yule mzungu wa filamu za wachunga ng'ombe.

Hadithi ya kuuza roho kwa shetani njia panda nayo ilisimuliwa na ndugu wa Tommy Johnson, mwanabluzi mwingine, kuhusu Tommy. Robert alibandikwa baadaye.

Wapo wanaodai santuri za Robert ziliharakishwa, na kwamba sauti yake halisi ilikuwa nzito zaidi. Siwaamini. Vipindi viwili, miji miwili, miezi saba kati yake: mitambo ikosee kwa kiasi kilekile? Tena Robert Lockwood, aliyefundishwa gitaa na Johnson mwenyewe, aliishi hadi 2006. Angekuwa wa kwanza kushtuka.

Katika ubishi huu wa uhalisi, mfano mgumu zaidi ni mwanabluzi Son House. Alirekodi kwa Paramount mwaka 1930, akaja kupatikana mwaka 1964 mjini Rochester, New York, akiwa ameliacha gitaa kwa miaka mingi. Aliyemkumbusha mapigo yake mwenyewe ni Alan Wilson, kijana mzungu aliyejifunza kutoka kwenye santuri. Mwaka 1965 House aliingia studio za Columbia. Wapo wanaoidharau albamu ile kuwa ni mwangwi tu. Mimi naiona halali kuliko zote: humo alipewa nafasi ya kuimba zaidi ya zile dakika tatu za santuri za zamani, na mmoja wa nyimbo zake unapita dakika tisa.