Watoto wa Mau Hawako Kwa Hesabu

Panda matatu hapo Njoro uelekee Nessuit, halafu uangalie dirishani. Waru, mahindi, ng'ombe wa maziwa. Unaambiwa kuna watoto huku hawakui vizuri kwa sababu ya lishe na unauliza, aje sasa, na chakula ndio hiki?

Udumavu si ile njaa ya kwa TV. Ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu mwili umekosa lishe kwa muda mrefu, hasa zile siku 1,000 za kwanza, kutoka mimba hadi miaka 2. Anaweza kushiba kila siku na bado adumae: viazi asubuhi, ugali jioni, mayai na nyama ni za Krismasi. Ongeza maji machafu na kuhara. Na si urefu tu, hata ubongo unaguswa.

Sasa twende kwa historia, juu Waogiek hawakuanza na waru.

Msitu wa Mau ndio ulikuwa stoo yao. Walitundika mizinga ya magogo juu ya miti, chini na juu mlimani, kwa sababu maua hayachanui wakati mmoja kila mahali. Asali ikiisha hapa, wanahamia kule. Waliwinda swala na perere, nyama ikakaushwa na kuhifadhiwa na asali. Iliyobaki waliuzia majirani. (Na usimpe mtoto wa chini ya mwaka 1 asali, tafadhali. Ni hatari.) Sisemi ilikuwa paradiso. Nasema protini ilikuwa karibu na nyumba.

Halafu mkoloni akaja. Akina Delamere wakachukua mashamba Njoro, msitu ukawa wa serikali, na Waogiek wakaitwa "Dorobo", jina lililotoka kwa Wamaasai, la watu wasio na ng'ombe, yaani maskini. Tume ya Carter ilitoa ripoti 1934 ikapendekeza wahamishiwe kwa maeneo ya makabila mengine. Kwa lugha rahisi: wamezwe.

Miti ya kienyeji ikakatwa, ikapandwa saiprasi na paini. Hiyo miti haina nekta, kwa hivyo nyuki hawana kazi nayo. 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Kulinda wanyama ni sawa, lakini nani alifikiria mtoto wa mwindaji atakula nini kesho yake? 2001 serikali ikatangaza kumega zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki, wakati walowezi walikuwa washaanza kuingia. Hapo ndipo hizo shamba unaona dirishani zilitoka. Na 2009 wakapewa notisi ya siku 30 watoke msituni, eti kuokoa msitu.

2017 Mahakama ya Afrika, Arusha, ikaamua Kenya ilivunja haki zao. 2022 ikaagiza walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 na kuwe na mfuko wa maendeleo wa jamii.

Kitu inanikera ni hii. Utafiti wa kitaifa wa 2022 unasema udumavu umeshuka hadi asilimia 18, kutoka 26 mwaka wa 2014. Poa sana. Lakini hizo namba zinatolewa kwa kaunti. Kilifi inajulikana iko asilimia 37, kwa hivyo Kilifi inaongelewa. Mtoto wa Mariashoni anachanganywa na wa Milimani, Nakuru mjini, mwenye anakula yogati, halafu wanapewa wastani mmoja. Carter alitaka wamezwe na majirani, na kwa karatasi za lishe ndivyo imekuwa.

Mimi huo mfuko ningeuanzia kwa vitu vidogo: kibao cha kupimia urefu na mizani katika kila zahanati kutoka Nessuit hadi Mariashoni, na daftari linaloandika jamii ya mtoto, mzazi akikubali. Halafu kuku kwa kila boma lenye mtoto mchanga. Mizinga ikirudi, iwekwe kwa miti yenye maua.