Watalii wa Kimagharibi na mila za Wapare: kipi kinaonyeshwa, kipi kinaachwa

Wilaya ya Same haipati watalii wengi kama Moshi au Arusha. Wanaofika huenda Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyopandishwa hadhi mwaka 2008, au hupanda milimani: Mbaga, msitu wa Chome, kilele cha Shengena. Utalii wa kitamaduni, ambao mgeni hutembezwa kijijini na mwenyeji, ulianzishwa nchini katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa Waholanzi, na Milima ya Upare ilikuwamo.

Huko Mbaga wageni hulala katika nyumba iliyokuwa ya Jakob Dannholz, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliandika habari za imani za Wapare. Kutoka hapo hupelekwa kwenye mwamba wa Malameni, ambako inasimuliwa kwamba watoto walitolewa kafara, na kwenye mapango ya Mghimbi, walikojificha wenyeji wasikamatwe na wawinda watumwa.

Hapa ndipo penye tatizo. Kijana anayeongoza msafara anajua kisa cha kafara ndicho kinachomfanya mgeni atoe kamera, na riziki yake iko hapo. Basi kisa kinarefushwa mwaka hadi mwaka. Ndiva, yale mabwawa ya kienyeji yanayokusanya maji ya mto usiku ili mashamba yamwagiliwe kwa zamu mchana, hupitwa haraka. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji, hautajwi kabisa. Mgeni anarudi Ulaya akiamini mababu zetu walikuwa wauaji wa watoto tu, na mtoto wa Same anayesikiliza pembeni anaamini vivyo hivyo.

Muislamu afanye nini? Kutembelea mabaki ya waliotangulia si kosa. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 42, tumeamrishwa kutembea katika ardhi na kuutazama mwisho wao, na wengi wao walikuwa washirikina. Kusimulia yaliyotokea, bila kuongeza chumvi, ni elimu. Kuigiza tambiko mbele ya kamera ni jambo jingine: maneno na matendo ya shirki hayawi mchezo kwa sababu mtazamaji amelipa. Ujira wa kuongoza njia, kutafsiri Kipare na kubeba mizigo ni halali.

Mizigo hiyo isiwe pombe, lakini. Mgeni akitaka kuonja dengelua, pombe ya miwa ya huku kwetu, Muislamu asimbebee wala asimmiminie, kwani katika hadithi aliyoipokea At-Tirmidhi mbebaji na mnyweshaji wametajwa pamoja na mnywaji. Amwambie mapema, kwa adabu, kabla ya safari kuanza. Wageni wengi huelewa.

Wallaahu a'lam.